Kutoka Horohoro hadi Kigombe: Kwa Nini Nilimimina Maji Tangini

Mmeniuliza sana, na mnaouliza mnauliza mkicheka, kwa hiyo nawajibu kwa maandishi nisirudie tena. Ndiyo. Nilimimina maji katika tangi langu la petroli. Nilimimina mchana, mbele za watu, na ndoo ya kwanza ilikuwa mkononi mwangu. Aliyewaambia hakusema uongo. Alichoacha kuwaambia ni sababu, na hicho ndicho kinachonichoma. Mtu akitaka kubeba habari ya mwenzake aibebe nzima, asiangushe nusu njiani.

Mie Mbwana mnanijua. Shule niliikimbia kabla haijanizoea. Nikauza mafuta ya taa kwa baiskeli, madumu yakining'inia huku na huku, nikipiga kelele mtaa mzima wa Ngamiani mpaka sauti ikanikauka. Leo nina vituo vitatu: Horohoro kule mpakani, kimoja hapa mjini, na Kigombe. Ukutani kwa kila kituo nimeandikisha kwa rangi nyekundu: MAJI YAKO KISIMANI. HAPA NI MAFUTA. Sikuandika kwa urembo. Wapo wanaochakachua, mnawajua, mnasali nao. Mie sijapata kutia tone. Hilo ndilo jina langu, na sina cheti kingine cha kuning'iniza ukutani.

Sasa sikilizeni.

Kwenda Horohoro

Jinsi injinia alivyopatikana naruka, ni barua na mihuri, ina wenyewe. Itoshe kwamba chama chetu cha wauza mafuta wadogo kilimleta mtu kutoka Dar kuyakagua matangi yetu, kama yatahimili mvua, upepo, bahari na mengine anayoyaleta Mwenyezi Mungu. Nikaambiwa aanze na mie kwa kuwa vituo vyangu vimetawanyika pwani nzima. Nikasema aje.

Asubuhi akatokea msichana mlangoni, kavaa buti la askari, begi mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Injinia yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Rehema."

"Wewe?"

"Au nirudi nikamlete mwenye ndevu?"

Chande, dereva wangu, akacheka. Nikamwambia atazame barabara. Akajibu, "Tajiri, gari halijawaka bado."

Mie nilishakaguliwa zamani, msidhani nilikuwa mgeni. Wamepata kuja watu wa kofia ngumu, mara moja na mara ya pili. Wakapiga picha wamesimama mbele ya pampu zangu kama maharusi, wakala nguru wangu wa kupaka, wakasema maneno marefu, wakaondoka. Nikajua na huyu ni hao hao. Kumbe huyu alikuwa na udhia wa namna yake. Kila daraja, "Chande simama." Kila kalavati, "Chande simama." Anashuka, anachungulia, anapanda. Safari ya Horohoro mnaijua si ndefu, lakini siku ile tulikwenda kama tunaopeleka maiti.

Tulipofika hakuzitazama pampu hata kidogo. Pampu mpya, zinang'aa, nimezinunua kwa jasho! Yeye kenda nyuma ya choo. Kachukua chuma kirefu cha kuchimbia, anakizungusha ardhini, anatoa udongo, anaufinya vidoleni, ananusa. Watu wa mpakani wakakusanyika, wakidhani kuna mzigo umefukiwa.

"Babu, radi huwa inapiga wapi hapa?"

"Inapiga inapotaka."

"Na upepo mkali unatokea upande gani?"

"Unatokea upande unaotoka upepo. Mama, we umekuja kukagua tangi au kuagua nyota?"

Hakukasirika, na hilo likanizidisha hasira. Akasema ardhi ya Horohoro imeinuka, ni kavu, tangi halina neno, ila mabati ya paa yamelegea na siku ya dhoruba yataruka yaende yakavunje bomba la kupumulia. Nikatazama juu. Kweli yamelegea. Nikamwita msimamizi wangu wa pale nikamfokea mpaka nikapata kiu.

Kisha akaniuliza swali ambalo laiti ningelijibu, nisingekuwa naandika haya. Akasema, "Mvua za masika zikikaribia, ndani ya matangi mnaachaga mafuta kiasi gani?"

Nikamwambia, "Hilo ni la biashara. Wewe angalia udongo wako."

Hapa lazima niwaeleze nyinyi msiouza mafuta. Sisi wa vituo vidogo vya pwani tuna jambo letu, tunaliita kukausha. Masika ikibisha hodi tunauza petroli yote iliyomo tangini, kwa bei ya chini, mpaka pampu inakohoa. Sababu ni kwamba maji ya mvua yakiingia kwenye tangi lenye mafuta umekwisha: magari yanazimika njiani, na jina linazimika nayo. Tangi tupu likiingia maji, unafuta unaendelea. Ndivyo tulivyofundishana. Kwetu Kigombe kukausha ni kama sikukuu. Wavuvi wanakuja na madumu, dada yangu Mwanaidi, anayekisimamia kile kituo, anapika wali wa nazi kwa maharage, anawalisha wateja. Na lini utakausha ni siri, maana jirani akijua atateremsha bei kabla yako. Ndiyo maana nilinyamaza. Na asubuhi ile ile, kabla ya kuondoka nyumbani, nilikuwa nimempigia Mwanaidi kumwambia aanze.

Tukataka kurudi mjini, gari likagoma. Mkanda wa injini umekatika. Chande akaenda kutafuta mwingine, nasi tukakaa kwa mama wa chai mpaka makalio yakafa ganzi. Chai yenyewe ya maziwa matupu, majani yamepita mbali yakakisalimu kikombe. Mahamri nayakubali, yalikuwa ya moto. Dereva mmoja wa lori, Mdigo wa ng'ambo ya mpaka, akanitazama, akaitazama picha ya kituo changu kwenye kofia yangu.

"Mzee, we ndiye yule Maji Yako Kisimani?"

"Ndiye."

"Aa, basi mie nikitoka Mombasa huwa sijazi mpaka nifike kwako."

Nikamgeukia Rehema kumwonyesha kwamba watu wananijua. Alikuwa anaandika habari za mabati.

Mjini, hotelini

Kituo cha mjini alikimaliza haraka. Akataka mtaro uzibuliwe, nikaamuru uzibuliwe. Lakini chama kilikuwa kimetuitia semina hotelini na yeye alitakiwa awepo, kwa hiyo badala ya kwenda Kigombe tukapoteza siku nzima tukitazama ukuta. Mnisamehe, mie bado sijaisamehe.

Mtaalamu mmoja, mkubwa wa wote, kavaa tai, kaweka ramani ya pwani yetu ukutani kwa mwanga. Ramani ina rangi kama kanga. Kigombe nyekundu.

Nikanyoosha mkono. "Wekundu ule wa nini?"

"Mzee wangu, pale kuna mfiduo wa kiwango cha wastani kuelekea juu, kwa kuzingatia mwingiliano wa maji chini ya ardhi na kupwa na kujaa."

"Ndiyo. Nifanye nini?"

"Ni kuimarisha ustahimilivu wa miundombinu."

"Kwa koleo au kwa sururu?"

Ukumbi ukacheka. Yeye akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana na litajibiwa kipindi cha maswali. Kipindi cha maswali kikaliwa na biriani. Nami nikala, kuku alikuwa mgumu, na wote waliokuwa wakitusomea ramani wakaondoka na gari lenye kiyoyozi kabla sijanawa. Wauza mafuta wote wa pwani tulikuwa mle ndani. Wote tunakausha. Hakuna hata mmoja wa wale aliyetuuliza tunakausha au hatukaushi, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, maana kila mmoja alikuwa kamficha jirani yake siku yake ya kukausha. Tumekaa kiti kwa kiti na siri moja, kila mtu anadhani ni yake.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, ile mvua isiyo na haraka, ya kukaa.

Tongoni

Kesho yake tukashika njia ya Pangani. Mvua haikukata. Pale Tongoni watu wamesimama barabarani, magari yamepangana. Mbele kuna korongo, na maji yamepanda juu ya njia. Chande akashuka kuulizia, akarudi amelowa.

"Tajiri, hapapitiki. Wanasema labda jioni."

"Nani kasema jioni?"

"Wale waliokaa pale."

"Wao ndio mvua?"

Tukaingia kwenye kibanda cha mama anayeuza muhogo wa nazi na dagaa. Chakula chema, wallahi, nazi nzito, pilipili ya haki. Magofu ya kale na makaburi yake yako pale nyuma, yamesimama miaka na miaka, na wageni wawili waliokwama kama sisi walikuwa wanamuuliza mama yule kama makaburi yale yana choo. Nikiwa katikati ya muhogo, simu ikalia. Mwanaidi.

"Kaka, nimekausha. Petroli yote imekwenda. Wale wavuvi wa Pemba wa dago la ufukweni wamechukua ya mwisho. Kesho naanza dizeli."

"Vizuri sana. Mvua?"

"Mvua bwana! Uwanja wote maji. Kisima kimejaa mpaka unachota kwa mkono."

Nikakata simu nikiwa nimeridhika. Nikamwambia Rehema, sasa siri ilikuwa imekwisha, "Wewe ulikuwa unauliza. Haya, Kigombe tangi liko tupu. Uwanja umejaa maji, lakini mvua ije itakavyo."

Akaweka kijiko chini.

"Tupu? Babu, tupu kabisa?"

"Kavu."

"Na maji yako juu ya uwanja?"

"Si umesikia."

Akamwomba mama chupa mbili za maji za plastiki. Moja akaijaza maji, moja akaiacha tupu, zote akazifunga. Akazichukua akazikandamiza chini kwenye beseni la kuoshea vyombo. Akaziachia. Ile iliyojaa ikabaki imelala. Ile tupu ikaruka mpaka povu la sabuni likanirukia usoni.

Mie sikusoma, lakini si mjinga. Sikuhitaji neno la pili.

Sasa mjue kituo cha Kigombe kilivyo. Matangi mawili yamelala shimo moja, ubavu kwa ubavu, la petroli na la dizeli, na mabomba yameyaunganisha na pampu. Tulipoyafukia tuliyafukia tu, mchanga na zege jembamba juu, hakuna aliyetwambia tuyafunge na kitu. Na bonde linateremka kutoka pale kwenda kwenye kisima ambacho Mwanaidi na mtaa mzima wanakunywa maji yake. La petroli likiruka litang'oa mabomba na kumtoboa mwenzake. Dizeli yote itakwenda kisimani, na kutoka hapo ufukweni.

Nikapiga ngumi meza. "Mbona hili halikusemwa hotelini? Chupa mbili tu! Beseni! Siku nzima wanatuonyesha kanga ukutani!"

"Babu, tupige kelele baadaye," Rehema akasema. "Dada yako ana mafuta mengine ya kurudisha tangini?"

"Kauza yote. Lori la mafuta halipiti hapa."

"Basi ajaze maji."

Nikadhani sikusikia. "Ajaze nini?"

"Maji, babu. Tangi la petroli lijazwe maji. Sasa hivi."

Chande akajishika kichwa. Mama wa muhogo, aliyekuwa hajui lolote, akasema, "Astaghfirullah." Mie nilikaa pale, na wote mnaonicheka leo laiti mngekuwa mmekaa pale. Jina langu lote liko katika maneno sita yaliyoandikwa ukutani. Nikampigia dada yangu.

"Mwanaidi. Waite watu wajaze maji kwenye tangi la petroli."

"Nani wewe?"

"Mie Mbwana!"

"Mbwana gani? Kaka yangu hawezi kusema neno hilo. Nyinyi matapeli mmezidi, juzi mlisema tuma pesa kwenye namba hii, leo mnataka kutia maji! Kamtapeli mamako!"

"Mwanaidi, sauti huijui?"

"Sauti siku hizi zinatengenezwa. Kama ni kaka, sema mama alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo."

Nikatazama kibandani. Watu wote wananisikiliza, hata wale wageni wa makaburi. Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Kijitumbo."

"Sijasikia."

"KIJITUMBO!"

Chande akatoka nje kucheka huko huko mvuani. Simuni dada yangu akavuta pumzi, na nikasikia sasa anaamini ni mie, na kuamini kukazidisha mambo.

"Basi wamekufanya nini, kaka? Uko wapi? Wamekupa kitu ukala? Wanataka kukuharibia jina, nami nisimame nimimine? Sitii maji. Mpaka nikuone kwa macho."

Nikaanza kueleza habari za chupa. Mtandao ukakatika.

Korongoni

Hapakuwa na la kungoja. Kwa bodaboda tukafika ukingoni mwa korongo, Chande tukamwacha na gari. Maji mekundu yanapita juu ya njia, si ya kuua mtu, lakini yana nguvu. Vijana wa pale walikuwa wameshafungua biashara: wanavusha watu mgongoni. Mmoja, mabega mapana, akainama mbele yangu.

"Panda, mzee."

"Sipandi mtu."

"Wenzako wote wamepanda. Yule shehe kapanda."

"Shehe ni shehe. Mie naenda kwa miguu yangu."

Nilikwenda kwa miguu yangu mpaka katikati. Pale miguu ikaenda upande wake na mie upande wangu. Kofia ikaondoka, ile yenye picha ya kituo, sijaiona tena. Yule kijana akanidaka kiunoni, akanitupa begani kama gunia la nazi, na ng'ambo ya pili watu wakapiga makofi. Rehema alivuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, begi kichwani, hajalowa juu ya magoti. Akanipa kitambaa cha kujifuta. Kusema, hakusema kitu. Nilimshukuru kwa kimya kile kuliko angenipa kanzu mpya.

Upande wa pili tukapata bodaboda nyingine. Tope limenijaa mpaka masikioni, nikawa nawatukana kwa sauti wale wa hotelini, mmoja mmoja, kwa rangi za tai zao. Mwenye pikipiki akaniuliza kama naongea naye.

Kigombe

Tulipofika uwanjani mvua ilikuwa imepunguza makali, na nililoliona lilinikatiza matusi. Zege juu ya tangi la petroli limepasuka mstari mrefu. Upande mmoja umeinuka, unaweza kuingiza ngumi. Pampu imelala kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo. Na kutoka chini, sauti. Mlio wa chuma kinachosugua mchanga, polepole, halafu kimya, halafu tena.

Mwanaidi kasimama barazani kwake na wanawake wenzake, kajifunga kanga kiunoni. Aliponiona nilivyo, kichwa wazi, tope tupu, akaanza kulia.

"Si nilisema! Wamemfanya nini kaka yangu!"

"Sijafanywa kitu. Nimeanguka korongoni. Tazama zege."

"Nimeliona tangu adhuhuri. Nimedhani ardhi inavimba kwa mvua."

Jikoni barazani kalimati zilikuwa zinakaangwa, mafuta yanachemka. Rehema alikimbia, sikupata kumwona akikimbia kabla ya hapo, akapiga kelele moto wote uzimwe, majiko, sigara, pikipiki zisiwashwe. Tangi tupu, akasema, ndilo lililojaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Mwanamke wa kalimati akazima huku akinung'unika kwamba unga umeshaumuka, nani atamlipa. Mtu mmoja akaleta pampu ya kumwagilia bustani, Rehema akaikataa kwa sababu ina cheche. Ndoo tu. Akaingiza mpira kupitia mdomo wa kujazia mpaka ukagusa chini kabisa, maji yasianguke kutoka juu yakarusha mvuke, akaweka faneli juu yake. Kisha akageuka, akatazama watu.

Watu walikuwepo wengi. Wavuvi, wanawake, wazee wanatoka msikitini. Hakuna aliyeshika ndoo.

Niliwaelewa, na kuwaelewa kukanizidisha hasira. Miaka yote nimewafundisha kwamba anayetia maji katika mafuta ni mwizi. Nimelisema barazani na nimelisema harusini. Sasa nawaambia watie. Hamadi, mvuvi wa Pemba aliyepiga dago, yaani kambi, pale, ndiye aliyenunua petroli ya mwisho, akaisoma ile rangi nyekundu ukutani kwa sauti, neno kwa neno, akanitazama.

"Mzee Mbwana, leo unachakachua hadharani?"

Wengine wakacheka. Mwanaidi akasema, "Kaka, niambie kwa mdomo wako. Unataka?"

Nikamtazama yeye, nikatazama bonde, nikaona kisima kule chini, na ndoo yake ya bluu ikielea juu ya maji kwa jinsi kilivyojaa. Chini ya miguu chuma kikalia tena, na ufa ule ukafunguka mbele ya macho yetu, kidogo tu, kama mdomo wa mtu aliyelala.

Nilichukua ndoo, nikateka maji ya mtaroni, nikaenda mpaka kwenye faneli, nikamimina. Nusu yake ikanimwagikia miguuni. Nikarudi nikateka ya pili. Nikamwambia Hamadi, kwa sauti ambayo watu wa msikitini waliisikia, "Nachakachua! Umeona? Kawaambie Pemba nzima! Sasa kamata ndoo au ondoka uwanjani kwangu!"

Akashika ndoo. Mwanaidi akashika. Kisha wote. Walijipanga mstari kutoka mtaroni mpaka kwenye faneli, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wanawake wa Kigombe hawawezi kufanya kazi kimya, wakaanza kunitungia maneno: Kijitumbo kanywesha tangi, tangi limeshiba, Kijitumbo bado. Mwanaidi alikuwa keshawaambia lile jina. Ndugu ni adui wa ndani, nawaambieni.

Chuma kiliendelea kulia. Kisha kikalia kwa kuachana zaidi. Kisha kikanyamaza. Rehema alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye zege, viganja kwenye matope. Tukangoja. Akainua kichwa.

"Limetulia, babu. Endeleeni mpaka karibu na shingo."

Tukaendelea. Hakuna aliyeniuliza tena chochote. Yule mwanamke wa kalimati aliwasha moto wake mbali, kwa jirani, akatuletea sinia, na unga haukuharibika hata kidogo.

Kurudi

Nilibaki Kigombe mpaka njia ikafunguka. Mvua ilinyesha zaidi baada ya siku ile, uwanja ukawa bwawa, na tangi halikusogea. Mabomba yamepinda, hayakukatika. Dizeli imebaki mahali pake. Kituo nimekifunga. Matangi yatafukuliwa, yatapelekwa juu kule penye mwinuko, yatafungwa kwenye zege kwa mikanda ya chuma kama Rehema alivyonichorea mchangani kwa kijiti, na maji yale machafu yataondolewa na watu wenye gari la kazi hiyo, hayatamwagwa ovyo.

Rehema keshaondoka. Nilimpa nguru mkavu wa kwenda naye Dar. Hakumpiga picha.

Nimerudi mjini, na nini nakikuta? Habari imenitangulia. Mzee Mbwana kaonekana anatia maji tangini. Wateja wa miaka mingi wanapita kituoni kwangu bila kupunguza mwendo, wanakwenda kujaza kwa nani? Kwa yule tunayemjua sote. Haya. Wapite.

Lakini nyinyi wenzangu wa mafuta, mnaokaa barazani mkicheka, nasikia bado mnakausha. Wawili wenu matangi yako karibu na bahari kuliko langu. Msinicheke. Chukueni chupa mbili na beseni, mfanye mbele ya wake zenu, kisha mnipigie simu. Siku ya kukausha haina siri tena, nimeshaisema yote hapa, kasirikeni.

Kuhusu ule ukuta wa Kigombe. Nilipokuwa naondoka nilimwambia Mwanaidi ampigie simu fundi wa rangi aje aufute, maana watu wataufanyia dhihaka. Akasema hafuti. Akateremka bondeni, akachota kwa ile ndoo ya bluu, akarudi na kikombe, akanishikisha. Nikanusa kwanza, kwa mazoea ya kazi. Hakikuwa na harufu yoyote. Nikanywa chote nimesimama pale pale chini ya maandishi, nikamrudishia kikombe, akakijaza tena.